Nashukuru kwa Majibu Mazuri

Mpaka leo wajumbe kumi na saba wa tawi la Kwa Mwishehe wameniapia kwamba kwenye kura za maoni za chama walinipa mimi. Wengine wameapa kwa Mungu, mmoja ameapa kwa kaburi la mama yake, na mwenyekiti wao aliniapia akiwa amenishika mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga. Tawi zima lina wajumbe kumi na saba. Matokeo yao yaliposomwa kwa kipaza sauti, mbele yangu na mbele ya mke wangu, nilipata sifuri.

Kushindwa nimekubali. Sijakubali vizuri, lakini nimekubali. Miaka kumi ya ubunge si haba, na matawi mengine yalinipa kura zangu za kutosha kuniondoa kwa heshima. Kinachonikosesha raha ni hiyo sifuri. Kwa Mwishehe ni diko dogo la samaki mbele kidogo ya Kunduchi, na hakuna mahali jimboni nilipopasemea kama pale. Samaki wao wanashushwa alfajiri, ikifika saa sita wasipouzwa wameanza kunuka. Mimi ndiye niliyesimama bungeni kuwaulizia chumba cha barafu. Ninayo rekodi.

"Baba Editha," mke wangu Rosalia aliniambia siku moja. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu na hana huruma na mtu anayekosea hesabu. "Kumi na saba wamekupa, umepata sifuri. Hapo kuna mtu anadanganya, na karatasi huwa hazijui kudanganya."

"Sasa wadanganye wote? Watu wazima kumi na saba?"

"Mimi nimekupa jawabu. Njia utafute mwenyewe."

Ndiyo maana Rogers alipokuja kunitafuta sikujivunga. Rogers ana redio, Barazani FM, iko ghorofa ya tatu kule Mabibo, ng'ambo ya soko. Ukifungua dirisha la studio unaingiwa na harufu ya vitunguu na ndizi mbivu. Alitaka kipindi cha siasa cha Jumamosi saa nne asubuhi, chenye sauti ambayo watu wanaijua. "Umehojiwa miaka kumi, Mheshimiwa. Sasa uhoji wewe," akasema, nami nikakubali kabla hajamaliza soda yake. Rosalia alidhani nina hamu ya kipaza sauti. Hamu ilikuwapo, siwezi kukataa. Lakini zaidi nilikuwa na swali langu moja, na redioni mtu unamkalisha kitini, unafunga mlango, unamuuliza, na dunia nzima inasikia anavyojibu. Nilijua siku moja nitamkalisha mtu wa Kwa Mwishehe nimuulize kwa nini sifuri. Kipindi nikakiita Swali la Msingi.

Hapa lazima nieleze jambo, la sivyo utaniona mjinga kuliko nilivyo. Bungeni swali unaliandika wiki kadhaa kabla. Linakwenda wizarani, linajibiwa huko, na siku yenyewe asubuhi unapewa majibu yamechapwa. Halafu Naibu Waziri anasimama anayasoma yale yale. Humsikilizi. Una kazi yako muhimu zaidi, nayo ni maswali mawili ya nyongeza, maana hayo ndiyo yanayotoka kwenye taarifa ya habari, kwa hiyo unayarudia kimoyomoyo yasikupotee. Akikaa, wewe unasimama na kusema, "Nashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali, nina maswali mawili ya nyongeza." Tunasema hivyo karibu wote. Ni kama kupiga hodi kabla ya kuingia. Ukishauliza hayo mawili unakaa, na Spika anamwita mwingine. Miaka kumi nimeuliza maswali kwa namna hiyo, na hakuna aliyewahi kuniambia kuna namna nyingine.

Kipindi cha kwanza mgeni alikuwa ofisa mmoja wa mambo ya taka. Nilimtumia maswali mapema, akaniletea majibu yamechapwa vizuri. Taa nyekundu ilipowaka, nikasimama. Maiki ikabaki chini mezani. Nyuma ya kioo, Demetria, mtayarishaji wa kipindi, akaanza kunipungia mkono kwa nguvu. Nikadhani ananisalimia, nami nikampungia. Kumbe ananiambia nikae. Nikauliza swali la msingi nikiwa nimesimama, nikauliza mawili ya nyongeza nikiwa nimesimama, nikashukuru kwa majibu mazuri, nikakaa. Nikasubiri. Mgeni naye akasubiri. Kilichofuata redioni lilikuwa tangazo la magodoro.

"Sekunde ishirini na mbili, Mheshimiwa," Demetria aliniambia baadaye, ameshika kichwa. Ni binti wa miaka ishirini na nane, ananipa shikamoo kila asubuhi, na baada ya hapo haniogopi tena. "Umekaa kimya sekunde ishirini na mbili! Redioni huo ni msiba."

"Maswali yalikuwa yameisha."

"Yameishaje na mtu bado yupo?"

Sikumwelewa. Nilikwenda nyumbani nikalifikiria neno hilo njia nzima, na bado sikumwelewa.

Kipindi cha pili nilisimama tena. Cha tatu nilikaa, lakini mgeni aliposema kwamba taka za mitaa ya sokoni zinazolewa kila siku bila kukosa, nikamshukuru kwa majibu mazuri, huku dirisha liko wazi na harufu ya zile taka iko nasi mle ndani. Simu zikaanza kumiminika. "Majibu mazuri yapi, wewe mzee?" aliuliza wa kwanza, na huyo ndiye aliyekuwa na adabu. Wanafunzi wa hosteli za Mabibo wakaikata sauti yangu, wakaiwekea mdundo wa singeli, ikasambaa kwenye simu. Wiki hiyo nilishuka Ubungo, bodaboda mmoja akaniita, "Majibu Mazuri! Panda twende!" Nikacheka naye. Nilipofika nyumbani nikajifungia chumbani, na sioni aibu kusema kwamba niliumia sana.

Rogers akanipa Jumamosi moja tu. Ikiwa vile vile, saa nne itakuwa ya mpira.

Siku hiyo Demetria aliniletea chai, akakaa kwenye kiti cha mgeni. "Samahani, Mheshimiwa. Wewe swali lako hasa ni lipi?"

"La kipindi kijacho?"

"Hapana. Linalokuuma. Maana naona kila wiki unauliza vitu ambavyo hata mwenyewe huna haja ya kuvijua."

Nikamweleza habari ya sifuri. Nilimweleza yote, na wale kumi na saba, na kaburi la mama. Alinisikiliza mpaka chai ikapoa. Halafu akasema, "Basi muite mtu wa huko. Lakini usimtumie maswali."

Nilimtumia. Nilishindwa kujizuia. Nilimwandikia Bi Hamida, ambaye anakaanga samaki pale dikoni na ni mjumbe tangu nilipoanza siasa, nikampa swali lenye sehemu (a) na (b), nikaomba majibu kwa maandishi ifikapo Jumatano. Akanijibu kwa sauti, nyuma yake mafuta yanachachatika: "Salaam aleikum, Mheshimiwa. Mie nakaanga samaki, muda wa kuandika insha sina. Jumamosi nitakuja hivyo hivyo. Na kura yangu, wallahi, nilikupa wewe."

Yumo tayari kwenye wale kumi na saba walioniapia, na bado anarudia.

Bi Hamida si mgeni kwangu. Aliwahi hata kuja nyumbani, yeye na akina mama wenzake saba wa dikoni, wiki mbili hivi baada ya mimi kuuliza bungeni swali la chumba cha barafu. Nilifurahi, nikajua wamekuja kunishukuru. Walikunywa soda, halafu wakaomba kuona nyumba. Nikawazungusha. Wakapita jikoni, wakaenda uani, wakachungulia nyuma ya banda la kuku. Mmoja akaomba nimfungulie stoo. Bi Hamida aligonga simtanki la maji kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa. Mimi nikawa nawaonyesha migomba yangu. Waliaga bila kusema neno lolote la chumba cha barafu, na walipoondoka Rosalia akaniuliza, "Hawa wamepoteza nini kwetu?" Nilimwambia wamependa mazingira.

Basi Ijumaa nikatoa kwenye droo ile flashi yenye rekodi ya Bunge. Kijana mmoja wa Dodoma ndiye aliyenikatia, nikaitumia kwenye kampeni za kura za maoni. Gari la matangazo lilikuwa linazunguka nayo Kwa Mwishehe mchana kutwa: sauti yangu nikiuliza swali, basi, inarudi mwanzo. Niliona kwamba kama Bi Hamida atanizungusha, nitampigia ushahidi wangu hewani, asikie mwenyewe ni nani aliyewasemea. Niseme kweli, nililala usingizi mzuri.

Jumamosi alifika mapema, amevaa dera jipya na amejipaka hina. Demetria alikuwa amenitafutia hedifoni yenye waya mfupi ili nikisimama inivute chini. Taa ikawaka. Nikajikuta nataka kuinuka, waya ukanivuta, nikakaa.

"Bi Hamida, karibu. Swali langu lina sehemu (a) na (b)."

"Haya."

"(a) Je, wajumbe wa Kwa Mwishehe wanakumbuka kwamba mbunge aliyepita aliwasemea habari ya chumba cha barafu? (b) Kama wanakumbuka, ni kwa nini tawi hilo lilimpa mbunge huyo kura sifuri?"

"Tunakumbuka sana," akasema Bi Hamida. "Na hiyo sifuri hata sie tulishangaa."

"Nashukuru kwa majibu mazuri." Nyuma ya kioo Demetria akaficha uso kwa mikono. "Nina maswali mawili ya nyongeza. La kwanza, je, inawezekana kura zilichanganywa?"

"Mungu ndiye anayejua."

"La pili, je, wewe binafsi ulinipa?"

"Nilikupa, Mheshimiwa. Nilishakwambia."

Nikafika mwisho. Maswali yamekwisha na sijui kitu. Nilikuwa nimemkalisha, mlango umefungwa, dunia inasikia, na jawabu ni lile lile alilonipa mafuta yakichachatika. Masikioni nikamsikia Demetria: "Uliza tena."

"Yameisha," nikajibu, hewani kabisa.

"Hakuna Spika humu, Mheshimiwa. Uliza!"

Sikuwa na swali. Nilikuwa na flashi. Nikaichomoa mfukoni, nikaiweka mezani kama karata ya mwisho. "Wasikilizaji, maneno yamekuwa mengi. Sasa tusikilize ushahidi. Demetria, njoo uchukue."

Akaja mbio, akaichukua, akaipiga. Kwenye gari la matangazo walijua pa kukata. Demetria hajui, na mimi sikumwambia.

Ilianza sauti yangu, nzito, ya siku zile: Je, ni lini Serikali itajenga chumba cha ubaridi katika diko la Kwa Mwishehe ili kuwanusuru wachuuzi wa samaki? Nikamtazama Bi Hamida kwa ushindi. Yeye alikuwa anatazama mikono yake. Rekodi ikaendelea. Ikaja sauti ya Naibu Waziri, ya kusoma harakaharaka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na maswali ya nyongeza ya kukariri, kwa hiyo nikamsikiliza.

Alisema kwamba chumba cha ubaridi katika diko hilo kimekwisha kukamilika, na kinatumika tangu mwezi Machi.

Halafu mimi: "Mheshimiwa Spika, nashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali. Swali langu la kwanza la nyongeza, kwa kuwa barabara ya kutoka lami mpaka…" Na makofi ya meza.

"Rudisha," nikamwambia Demetria. Akarudisha. Kimekwisha kukamilika. Kinatumika. Nashukuru. Nilijaribu kuikumbuka ile karatasi ya majibu niliyopewa asubuhi ile. Nilikumbuka upande wa nyuma tu, ambako niliandika kwa kalamu maswali yangu ya barabara.

Nilikuwa nimekwenda Kwa Mwishehe mara ngapi tangu siku ile? Nimekanyaga mchanga wao, nimewashika mikono, nimeona samaki juu ya maturubai juani. Hapajawahi kuwa na chumba pale.

"Bi Hamida," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, si ya kipindi. "Chumba gani hicho?"

Akainua uso. "Unaniuliza mie?"

"Nakuuliza wewe. Sijui."

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayepima samaki bila mizani. Demetria hakuweka tangazo la magodoro. Baadaye aliniambia alikuwa amelishika tayari, akaliacha.

"Siku ile tulizima majiko," Bi Hamida akasema. "Tuliambiwa mbunge anauliza swali letu, tukaweka redio katikati, diko zima kimya. Tukasikia umeuliza, tukashangilia. Tukasikia yule bwana anasema chumba kipo. Tukanyamaza. Tukasema, subirini, sasa Mheshimiwa atamuumbua, kwani juzi tu si alikuwa hapa. Ukasimama. Ukashukuru."

"Sikumsikiliza," nikasema. "Yale ni maneno tu, Bi Hamida. Tunasemaga wote."

"Sie tutajuaje? Tulikwenda kwa wakubwa kuuliza habari ya chumba. Tukaambiwa kipo, na mbunge wenu mwenyewe ameshukuru, mnataka vingapi? Mwaka jana tumekwenda tena, vile vile. Kwenye karatasi tuna chumba. Tunatupa samaki kila siku ya Mungu, na kwenye karatasi tuna chumba."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie nini na wewe umeshashukuru? Mtu hashukuru kitu asichokiona. Tukasema, huyu lazima anajua kilipo. Wengine wakasema kimejengwa kwako." Akavuta mtandio wake vizuri kichwani. "Ndiyo tukaja nyumbani siku ile. Tulikuja kukitafuta."

Nikaliona simtanki langu. Nikaona kidole chake kinagonga, na mimi pembeni nasifia migomba.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku ya matokeo. Lakini katikati ya aibu ile bado kulikuwa na hesabu yangu haijatoka, nikaona bora iishe yote leo. Sikuiandika popote. Ilitoka yenyewe.

"Kunyimwa kura nimeelewa. Lakini mlikuja mmoja mmoja, wote kumi na saba, mkaniapia kwamba mmenipa. Kwa nini?"

Bi Hamida hakufikiria hata kidogo. Nadhani jawabu hilo alikuwa nalo siku nyingi, anangoja tu mtu aulize.

"Wewe ulitushukuria chumba ambacho hakipo," akasema. "Na sie tukakupa kura ambazo hazipo."

Nyuma ya kioo simu zilikuwa zinawaka zote na Demetria hazitazami. Nilitaka kusema kitu, kitu chochote cha maana, hata samahani. Mdomo ulifunguka wenyewe, kwa mazoea ya miaka kumi, nami nikausikia kana kwamba ni wa mtu mwingine:

"Nashukuru kwa ma…"

Nikaubana. Nilikuwa nimechelewa.

"Malizia tu, Mheshimiwa," Bi Hamida akasema kwa upole. "Tumeshazoea."